Filamu za Runinga na Kumbukumbu za Utotoni: Kwa Nini Baadhi Hazifutiki?

Katika mihadhara yetu ya fasihi filamu hutajwa kwa nadra, na inapotajwa huwa ni ile iliyotoka katika jumba la sinema ikiwa na sifa na tuzo zake. Filamu iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya runinga haitajwi kabisa. Yamkini imehesabiwa kuwa bidhaa ya kujazia muda kati ya tangazo la sabuni na tangazo la gari. Hata hivyo, mwulize Mmarekani au Mwingereza aliyekuwa mtoto katika miaka ya 1970 au 1980 ni filamu gani iliyomkosesha usingizi. Mara nyingi atakutajia ile aliyoitazama sebuleni kwao, usiku mmoja tu, ambayo pengine hata jina lake limemtoka. Atakumbuka lori. Atakumbuka kucha zinazokwaruza kioo cha dirisha. Atakumbuka farasi na watu wakigeuka mifupa katika kufumba na kufumbua.

Makala haya yanakusudia kueleza namna filamu za aina hii zilivyozuka, jinsi zilivyosukwa, na kwa nini baadhi yake zimeng'ang'ania katika kumbukumbu za watu kuliko kazi nyingi zilizogharimu fedha mara kumi zaidi. Mifano yetu ni ya Marekani na Uingereza, kwa kuwa huko ndiko utanzu huu ulikokomaa. Mmoja kati ya mifano hiyo, hata hivyo, unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Chimbuko

Kwa miaka mingi vituo vya runinga vya Marekani vilikodi filamu zilizokwisha kuonyeshwa katika majumba ya sinema. Kadiri watazamaji walivyoongezeka, ndivyo bei ya kukodi ilivyopanda na ndivyo ghala la filamu nzuri lilivyozidi kukauka. Ndipo kituo cha NBC kilipoafikiana na studio ya Universal kutengeneza filamu ambazo mtazamaji angeziona kwa mara ya kwanza nyumbani kwake. Iliyokusudiwa kufungua mlango ilikuwa The Killers ya mwongozaji Don Siegel. Ilipokamilika ilionekana kuwa imezidi ukatili, ikakataliwa na kupelekwa katika majumba ya sinema mwaka 1964. Nafasi yake ikachukuliwa na See How They Run, iliyoonyeshwa tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo. Msomaji na aweke akilini jambo moja dogo. Mwigizaji aliyecheza mkuu wa majambazi katika The Killers, na ambaye hakuigiza filamu nyingine baada ya hiyo, aliitwa Ronald Reagan. Tutakutana naye tena.

Mwaka 1969 kituo cha ABC kilianzisha kipindi cha Movie of the Week, kilichodumu hadi 1975. Kila juma ilitolewa filamu mpya, na kila filamu ilitengewa dakika 90, matangazo ya biashara yakiwemo. Simulizi yenyewe ilibakiwa na dakika 74 hivi. Fedha zilikuwa chache, na siku za kupiga picha zilikuwa chache zaidi. Ni katika ufinyu huo ambamo, kwa maoni yangu, utanzu huu ulipata nguvu zake.

Taharuki ya kila dakika kumi

Tunapofundishwa taharuki darasani huwa tunaambiwa kwamba ni ile hamu ya msomaji ya kutaka kujua kitakachofuata. Kwa mtunzi wa filamu ya runinga taharuki ilikuwa na maana finyu na kali zaidi. Kila baada ya dakika kumi au kumi na mbili tangazo lingeingia, na mtazamaji alikuwa na vituo vingine viwili vikubwa vya kukimbilia. Kwa hiyo msuko ulilazimika kukatwa vipande, na kila kipande kumalizikia pale ambapo mlango unafunguka au simu inalia. Aidha, tukio la kushtua liliwekwa mwanzoni kabisa, mara nyingi hata kabla ya majina ya waigizaji, ili mkono wa mtazamaji usifike kwenye kitufe. Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela alikatiza hadithi alfajiri ili aokoe shingo yake. Hawa walikatiza mara sita au saba kwa usiku mmoja ili waokoe mshahara.

(Hapa kwetu mantiki hii haikuwa na mashiko kwa muda mrefu. Hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1990, mtazamaji wa Kenya hakuwa na kituo kingine cha kukimbilia. Alitazama alichopewa au alizima.)

Kuna tofauti kubwa kati ya tangazo na wimbo wa ngano. Fanani wa ngano anapokatiza simulizi kwa wimbo, hadhira huitikia, na kwa kuitikia huingia ndani zaidi ya hadithi. Tangazo humtoa mtazamaji nje. Mtoto hubaki na hofu yake mkononi kwa dakika mbili nzima, akiigeuzageuza, akijitungia mwenyewe yatakayofuata, huku mwanamke mwenye furaha akimwonyesha unga wa keki. Nadhani sehemu kubwa ya yale ambayo watu hukumbuka kuwa waliyaona katika filamu hizi ni yale waliyoyatunga wenyewe wakati wa matangazo.

Lori lisilo na uso

Mfano bora wa ufinyu uliozaa nguvu ni Duel, iliyoonyeshwa na ABC tarehe 13 Novemba 1971. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, alikuwa na umri wa miaka 24. Hadithi ilitungwa na Richard Matheson, ambaye alipata wazo lake barabarani baada ya kuandamwa na lori siku ile ile Rais Kennedy alipouawa, Novemba 1963. Upigaji picha ulichukua takriban siku 13.

Kisa chenyewe kingetosha ukurasa mmoja. Mfanyabiashara aitwaye David Mann anaendesha gari dogo jekundu katika barabara za jangwa la California. Analipita lori kuukuu la mafuta, lililojaa kutu na masizi. Lori linaanza kumfuata. Linampita, linapunguza mwendo, linamzuia, linamwashiria apite wakati gari jingine linakuja mbele yake. Hadi mwisho hatuambiwi sababu. Jina la mhusika ni la majazi. Mann hutamkwa sawasawa na neno la Kiingereza lenye maana ya mwanamume, naye ni mwanamume wa kawaida kabisa, mwoga kidogo, aliyetoka kugombana na mkewe.

Dereva wa lori haonekani uso. Tunaona buti zake, tunaona mkono ukichomoza dirishani, basi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba mbele yake kuna zimwi. Lakini zimwi la ngano zetu huzungumza. Huuliza, hutisha, huahidi, na kwa kuwa huzungumza linaweza kudanganywa. Zimwi la Spielberg halina kinywa. Lina honi tu. Ndiyo maana ushindi wa Mann mwishoni unaridhisha kama ushindi wa Sungura. Hana nguvu za kupambana nalo, kwa hiyo anatumia hila, anaruka kutoka katika gari lake, na lori linajitosa lenyewe bondeni. Msomaji aliyewahi kusafiri usiku katika barabara ya Mombasa, trela likimwandama kwa nyuma na taa zake zote zimewashwa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Filamu hii ilipendwa kiasi kwamba matukio mengine yalipigwa baadaye, ikarefushwa hadi dakika 90 na kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ulaya. Wapo wanaosema toleo refu ni bora. Sikubaliani nao. Matukio yaliyoongezwa yanampa Mann nyumba na mke anayezungumza naye kwa simu, ilhali nguvu ya kisa ilikuwa katika upweke wake.

Hofu iliyo ndani ya nyumba

Atazamaye filamu ya kutisha katika jumba la sinema huiacha humo, akatoka na kupanda matatu kurudi kwake. Atazamaye nyumbani hana pa kuiacha. Watunzi wa filamu za runinga walilielewa jambo hili mapema, wakachagua mandhari kwa makusudi. Katika Don't Be Afraid of the Dark ya Oktoba 1973, viumbe wadogo wenye sauti za kunong'ona wanatoka katika sehemu ya kuotea moto iliyokuwa imezibwa kwa matofali. Katika Trilogy of Terror ya Machi 1975, Karen Black anafukuzwa ndani ya nyumba yake mwenyewe na kinyago kidogo chenye meno na mkuki. Katika Salem's Lot, iliyotokana na riwaya ya Stephen King na kuonyeshwa na CBS kwa sehemu mbili Novemba 1979, mtoto aliyekufa anaelea nje ya dirisha la nduguye akizungukwa na ukungu, anatabasamu, na kukwaruza kioo.

Sehemu ya kuotea moto, sakafu, dirisha la chumba cha kulala: vyote hivyo mtoto wa Marekani alikuwa navyo hatua chache kutoka alipoketi. Guillermo del Toro, aliyekulia Mexico na ambaye baadaye alikuja kuwa mwongozaji mashuhuri, ameeleza jinsi filamu ile ya viumbe wadogo ilivyomtisha mno utotoni. Miongo kadhaa baadaye alishiriki kuiandika upya na kuitayarisha, na toleo hilo jipya lilitoka 2011. Toleo jipya lina fedha na ustadi mwingi. Halina giza lile.

Si hofu pekee iliyobaki katika kumbukumbu. Wiki mbili na ushei baada ya Duel, tarehe 30 Novemba 1971, ABC ilionyesha Brian's Song, kisa cha kweli cha wachezaji wawili wa timu ya Chicago Bears, Gale Sayers, Mmarekani mweusi, na Brian Piccolo, mzungu, waliopangiwa kulala chumba kimoja safarini, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Piccolo alifariki kwa saratani Juni 1970, akiwa na miaka 26. Filamu hii inajulikana hadi leo kwa kuwatoa machozi wanaume waliokuwa wamefunzwa kwamba kulia ni aibu. Kwa watoto wao, kumwona baba akilia mbele ya runinga ndiyo iliyokuwa filamu yenyewe.

Entebbe, au Afrika Mashariki kama ilivyobuniwa

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa nyara na hatimaye kutua Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli waliwaokoa mateka, na ndege zao zikatua Nairobi kutia mafuta kabla ya kurejea kwao. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 13 Desemba, ABC ilikuwa imeshaonyesha Victory at Entebbe. Tarehe 9 Januari 1977 NBC ikaonyesha Raid on Entebbe. Miezi sita! Mshairi wa utenzi wa vita aliyeishi karne ya kumi na tisa angeona haya kuharakisha kiasi hicho.

Ya pili ndiyo bora. Peter Finch anacheza Waziri Mkuu Yitzhak Rabin kwa utulivu mkubwa. Finch alifariki siku tano tu baada ya filamu hiyo kuonyeshwa. Yaphet Kotto anamwigiza Idi Amin akiwa mcheshi na mtisho kwa wakati mmoja, na ni uigizaji huo ambao watazamaji wengi wa nchi za Magharibi waliubeba kama picha ya Mwafrika mtawala. Lakini wako wapi Waganda wengine? Wapo kama askari wanaokimbia na kuanguka gizani. Hawana majina, hawana mama. Wakenya waliouawa nchini Uganda baada ya uvamizi huo, kwa sababu tu serikali yao iliruhusu ndege kutia mafuta, hawamo. Msuko ulihitaji upande mmoja wenye nyuso na upande mwingine usio na uso, kama lori la Duel. Tofauti ni kwamba lori halikuwa na wajane.

Haishangazi kwamba Mkenya wa rika la wazazi wetu akiulizwa filamu ya Amin anayoikumbuka, atamtaja Joseph Olita, Mkenya aliyemwigiza katika Rise and Fall of Idi Amin ya 1981, ambayo ilikuwa ya jumba la sinema na ilipigwa picha humu nchini. Kumbukumbu nayo ina uraia.

Usiku ambao matangazo yalinyamaza

Sasa turudi kwa Reagan. Tarehe 10 Oktoba 1983, akiwa rais, alionyeshwa faraghani The Day After, filamu ya ABC iliyoongozwa na Nicholas Meyer kuhusu vita vya nyuklia vinavyouangamiza mji wa Kansas City na viunga vyake. Aliandika katika shajara yake kwamba ilimwacha na huzuni kubwa. Yule aliyekuwa jambazi katika filamu iliyokataliwa na runinga kwa ukatili wake alikuwa sasa mmoja wa watu wawili duniani ambao wangeweza kuifanya filamu ya runinga iwe kweli.

Umma uliiona tarehe 20 Novemba. Watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 100. Wazazi walikuwa wameshauriwa wasiwaache watoto wadogo waitazame peke yao, na ushauri huo, kama ilivyo kawaida, uliwafanya watoto wote watake kuitazama. Picha nyingi zilipigwa katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, na wakazi wa mji huo wakaigiza maiti na majeruhi wa mji wao wenyewe.

Kwa mtazamo wa fani, jambo la kuzingatiwa ni hili. Nusu ya kwanza ya filamu inafuata kanuni tuliyoieleza: kipande, tangazo, kipande, tangazo. Kisha mabomu yanaanguka, na tangu hapo hakuna tangazo hata moja hadi mwisho. Kampuni hazikutaka bidhaa zao zionekane kando ya majivu. Mtoto aliyezoea kupewa dakika mbili za kupumua alinyimwa pumzi hiyo. Bila mtunzi kuandika neno, kimya cha wauza sabuni kikawa sehemu ya maudhui. Filamu ilipomalizika kulifuata mjadala ambapo Carl Sagan, Henry Kissinger na Elie Wiesel walikuwa miongoni mwa walioketi kuzungumza. Watazamaji wanaoukumbuka mjadala huo ni wachache kuliko wanaomkumbuka daktari Oakes akiwa amepiga magoti katika kifusi cha nyumba yake.

Lugha iliyonyang'anywa viambishi

Nimeiacha Threads mwisho kwa kuwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaosoma lugha. Ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Septemba 1984. Iliongozwa na Mick Jackson na kuandikwa na Barry Hines, ambaye tayari alijulikana kwa riwaya yake ya 1968, A Kestrel for a Knave, iliyojaa lahaja ya Yorkshire. Mandhari ni Sheffield, mji wa viwanda vya chuma. Vijana wawili, Ruth na Jimmy, wanajiandaa kuoana kwa kuwa Ruth ni mjamzito. Wanabandika karatasi ukutani katika nyumba watakayoishi. Habari za vita zinasikika kwa mbali, redioni, mtu akiwa anatafuta stesheni nyingine. Jina la filamu maana yake ni nyuzi: umeme, maji, mkate, hospitali, barua, kila kimoja kimefungwa kwa kingine, na ukikata mmoja nguo yote inafumuka.

Baada ya bomu, sauti ya msimulizi inatoa takwimu kwa upole wa mtangazaji wa kilimo. Jimmy anatoweka na hatumwoni tena wala hatuambiwi alikofia. Ruth anajifungua peke yake zizini. Filamu za Marekani zingeishia hapo, mtoto mchanga akiwa ishara ya tumaini. Hines anaendelea kwa zaidi ya miaka kumi, na hapo ndipo anapofanya jambo ambalo sijaliona katika filamu nyingine yoyote ya aina hii: anaiua lugha.

Watoto waliozaliwa baada ya vita wanazungumza Kiingereza kilichokatwakatwa. Hakuna nyakati za vitenzi, hakuna viunganishi, maneno ni machache na yanatolewa kama kokoto. Hakuna aliyekuwa na wakati wa kuzungumza nao, kwa maana kuzungumza na mtoto ni anasa ya walioshiba. Ruth, aliyezeeka kabla ya wakati, anafia kitandani. Binti yake, Jane, anajaribu kumwamsha. Anamwita kwa jina, kisha anataja kazi, kisha anamwambia ainuke. Hamwiti mama. Neno hilo hakulipata.

Tujaribu kuwaza Kiswahili kilichofikwa na msiba huo. Tuondoe viambishi vya nafsi, tuondoe njeo, tuondoe upatanisho wa ngeli. Kinachobaki ni mashina: amka, lima, leta. Na katika lugha yetu, shina la kitenzi likisimama peke yake huwa ni amri. Hatungebakiwa na sentensi ya kusimulia, wala ya kuuliza kwa adabu, wala ya kuomba radhi. Tungebakiwa na amri tupu. Sijui kama Hines angelifurahia dokezo hili, lakini Jane wake anazungumza hivyo hasa.

Katika onyesho jingine watoto hao wameketishwa kwenye chumba kibovu mbele ya runinga. Wanaonyeshwa kanda chakavu ya kipindi cha kufundishia watoto wadogo, kutoka dunia iliyokwisha. Sauti inakwaruza, picha inaruka, maneno mepesi yanarudiwarudiwa. Nyuso zao hazisemi chochote. Ni runinga ileile iliyokuwa ikiwatazama watoto wa Sheffield usiku ule wa 1984, sebuleni kwao.

BBC iliirudia Threads Agosti 1985, ilipotimia miaka 40 tangu Hiroshima, katika juma lile lile ambalo The War Game ya Peter Watkins, iliyozuiwa kuonyeshwa runingani tangu 1965, iliruhusiwa hatimaye kuonekana humo. Baada ya hapo haikuonyeshwa tena na BBC hadi 2003, kisha ikarudi Oktoba 2024. Katika ile miaka 18 ya katikati filamu hii iliishi zaidi vinywani kuliko viwamboni. Wengi walioiona wakiwa shuleni waliwasimulia ambao hawakuiona, wakipunguza hapa na kuongeza pale, kama ilivyo ada ya masimulizi. Walipoiona tena ukubwani, baadhi yao walitafuta matukio waliyoyakumbuka waziwazi, na hawakuyakuta.